Mdanzi, mti tuliousahau pwani

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara alisubiri pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea aliweza kulala palepale. Sasa basi linavuka Mto Rufiji bila kusimama, na chungwa unalinunulia dirishani, Kibiti. Muuzaji huparua ganda la juu tu, utepe mmoja mrefu, akaacha weupe wake, akakata kichwani, ukafyonza. Ganda ni la kijani na tunda limeiva. Rangi ya njano hutaka usiku wa baridi, na huku baridi hiyo hatuijui.

Matunda ya jamii hii ni wenyeji wa siku nyingi pwani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa, akaiona miti ya malimau katika kisiwa kile, kisha akashika njia ya Kilwa, njia inayopita mbele ya midomo ya Rufiji. Mwaka 1498 mfalme wa Mombasa alimpelekea Mreno Vasco da Gama kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi. Mabaharia walikuwa na kiseyeye, wakapona. Waliporudi kutoka India, Januari 1499, wagonjwa walililia machungwa ya Malindi. Thelathini walikwishafia baharini, na wengine wengi wakafia bandarini hata baada ya kuletewa. Daktari James Lind wa Uingereza aliifanyia majaribio tiba hiyo ya machungwa na malimau mwaka 1747, na ndiye anayesifiwa.

Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba Mombasa ina machungwa matamu na machungu. Hayo machungu ndiyo madanzi. Siku hizi ukiuliza danzi sokoni, kijana atakuonyesha limau.

Kwa watu wa delta ya Rufiji, kuusahau mdanzi ni hasara. Mchungwa hauvumilii maji yaliyotuama, na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti yametukumbusha maji hayo yana nguvu gani. Vitalu vingi nchini hubebesha chungwa juu ya mche wa mlimau, ambao hustahimili ukame lakini shina lake huoza upesi penye unyevu. Mdanzi hustahimili uozo huo vizuri zaidi. Una adui wake pia: virusi vya tristeza, vinavyosambazwa na vidukari, huua chungwa tamu lililobebeshwa juu yake. Kwa hiyo simshauri mkulima ang'oe milimau yake yote. Apande midanzi kadhaa kwanza, sehemu iliyoinuka, aiangalie misimu miwili mitatu.

Gharama ni ndogo. Mbegu nyingi za danzi huotesha mche unaofanana na mama yake, hivyo mti mmoja mkongwe nyuma ya nyumba unatosha kuanzishia kitalu cha kijiji, mradi usikatwe kuni kwanza.