Kutoka Mazeras hadi Ribe kwa Miguu

Ukishuka Mazeras asubuhi, Mombasa imebaki chini, upande wa bahari, na siku nzima ya vilima iko mbele yako. Njia inapita kwenye minazi na mihogo hadi Rabai. Wageni wengi huelekea kanisani kwanza. Mimi ningeanzia kayani.

Wamijikenda husimulia kwamba wahenga wao walikimbia vita Singwaya, kaskazini, wakajenga miji yao, iitwayo kaya, juu ya vilima katikati ya msitu mnene, njia za kuingilia zikiwa chache na zenye ulinzi. Ndani walizika fingo, kinga ya mji. Hatari ilipopungua watu walihamia mashambani, na kufikia miaka ya 1940 nyumba za kayani zilikuwa zimeachwa. Makaburi na fingo vilibaki, kwa hiyo wazee walikataza kukata mti, hata kuokota kuni kavu. Ndiyo maana Kaya Mudzimuvya bado ina msitu, ilhali vilima vinavyoizunguka vimefyekwa. Huingii bila mzee wa kaya, na huchukui kitu.

Wamisionari Krapf na Rebmann walihamia Rabai mwaka 1846, na miaka miwili baadaye Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro. Habari hiyo imesimuliwa mno. Iliyo kubwa zaidi kwangu ni ya watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakapata hifadhi hapa misheni, ambako mmoja wa viongozi alikuwa William Jones, mwenyewe aliyewahi kuwa mtumwa. Mabwana wao walikuja juu wakidai watu wao. Mwishoni mwa mwaka 1888 ilikubaliwa walipwe fidia, na watu zaidi ya 1,000 wakapata hati za uhuru. Vilima vilevile vilivyowaficha waliotoka Singwaya viliwaficha na hawa.

Mchana utafika Ribe, ambako Wamethodisti walianza misheni mwaka 1862, jirani na kaya ya Waribe. Kaya Fungo ya Wagiriama iko mbali zaidi, haifikiki kwa mwendo wa siku hii, lakini ndiyo inayoonyesha uzito wa misitu hii. Kiongozi wa Kigiriama Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu huko mwaka 1913 wakatae kazi na kodi ya Waingereza, na mwaka uliofuata serikali ikailipua kaya kwa baruti. Wagiriama waliirudia, na tangu 2008 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na kaya za Rabai na Ribe.