Pua kama Njia ya Kuufikia Ubongo: Kutoka Hofu ya Polio hadi Dawa za Kupuliza

Maelezo ya kihistoria kuhusu upelekaji wa dawa ubongoni kupitia puani mara nyingi huanzia mwaka 1989, pale William Frey wa Marekani alipoomba hataza ya mbinu ya kupitisha puani vikuza-neva vya kutibu ubongo. Mwanzo huo unaacha nje ushahidi wa nusu karne. Kabla njia hiyo haijatafutwa kwa ajili ya tiba, ilikwisha kuogopwa, na hata kuzibwa, kwa ajili ya kinga.

Ugumu wa kuufikia ubongo kwa dawa ulijulikana mapema. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliona kuwa rangi alizowadunga wanyama zilienea viungoni lakini hazikuugusa ubongo. Mwaka 1913 Edwin Goldmann aligeuza jaribio: rangi aliyoidunga katika majimaji yanayouzunguka ubongo iliupaka ubongo, ikaviacha viungo vingine. Kati ya damu na ubongo, basi, palikuwa na kizuizi. Puani hali ni tofauti, kwa kuwa neva za kunusa huanzia kwenye utando unaoguswa na hewa na kuingia moja kwa moja ubongoni.

Waliolitilia maanani jambo hilo walikuwa watafiti wa polio. Simon Flexner wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alishikilia kwamba virusi huingia mwilini kwa njia hiyo, na kima aina ya rhesus walioambukizwa puani walionekana kumthibitisha. Kima waliopuliziwa salfeti ya zinki walikingika. Hivyo, mlipuko ulipoikumba Toronto mwaka 1937, takribani watoto 5,000 walipuliziwa kemikali hiyo ndani kabisa ya pua. Haikuwakinga, na baadhi yao walipoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 1941 Albert Sabin na Robert Ward walionyesha, kwa kuchunguza miili ya waliofariki, kwamba virusi vilipatikana katika njia ya chakula, wala si katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Njia ya puani ilikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba lililo kweli kwa kima ni kweli kwa mtoto.

Kosa hilo halijaisha. Majaribio mengi ya sasa hutumia panya, ambaye karibu nusu ya utando wa pua yake ni wa kunusia, ilhali kwa binadamu eneo hilo halizidi sehemu moja ya kumi, tena limejificha juu kabisa. Matone ya kawaida huishia chini, kisha humezwa. (Esiketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu sonona, hupuliziwa puani lakini hupitia kwenye damu, kuitaja kama ushahidi wa njia ya neva ni kuchanganya mambo.) Kwa sababu hiyo uzito wa utafiti umehamia kwenye kifaa chenyewe. Katika jaribio la insulini kwa wenye matatizo ya kumbukumbu, lililochapishwa mwaka 2020, washiriki walikuwa 289. Baada ya 49 wa kwanza, kifaa kilibadilishwa kwa kuwa hakikuaminika. Waliobaki 240 walitumia kingine, na baada ya miezi 12 insulini haikuonyesha nafuu yoyote kuliko dawa bandia.