Goshi na Demani Katika Milima ya Mbulu

Yamkini msomaji atastaajabu kuona maneno ya jahazi yakipandishwa mpaka Mbulu, nchi ya vilima na mifugo, ambako mtu aweza kuzaliwa, akaoa na kuzeeka pasipo kuliona tanga likitwekwa. Lakini maneno mawili ya Kiingereza, “windward” na “leeward”, yaliyozaliwa baharini, yalikwisha kupanda huko zamani ndani ya vitabu vya jiografia, na mwanafunzi wa Dongobesh au wa Katesh huyakariri kila anapofundishwa sababu ya mlima mmoja kuwa na mvua ubavu huu na ukame ubavu ule. Nataka kuyaeleza hayo, na kuonyesha kwamba lugha yetu inayo majina yake, tena ya mabaharia vilevile.

Tuanze na chombo chenyewe. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, yaani mti unaolibeba. Pembe yake ya chini iliyo mbele huvutwa kuelekea omo, yaani kichwa cha chombo, kwa kamba iitwayo goshi, au joshi kama wengine walitamkavyo, na pembe ya nyuma huzuiwa kwa kamba iitwayo demani, ambayo baharia huikaza na kuilegeza kadiri upepo unavyogeuka. Kwa kuwa goshi ndiyo inayoukabili upepo, ubavu mzima unaopigwa na upepo ukaitwa goshini, na ubavu wa pili, ambako tanga hutuna, ukaitwa demanini. Ajuaye kwamba katika Kifarsi gosha ni pembe na daman ni pindo la nguo hatapata taabu kukisia maneno haya yalipanda jahazi gani kufika kwetu, ingawa demani imepata pia kuwa jina la majira, wakati kusi inapolegea.

Waingereza nao walipita njia yao. “Windward” ni kule unakotoka upepo, na hilo ni wazi. Lakini “lee”, iliyo ndani ya “leeward”, neno ambalo mabaharia wao hulitamka kana kwamba ni “luad”, asili yake ni sitara, mahali palipokingwa. Kutokana na amri ya nahodha ya kukielekeza chombo penye upepo ili kisisukumwe pwani, wakapata neno “aloof”, ambalo leo husemwa juu ya mtu ajitengaye na wenzake, wala wengi walitumiao hawajui kwamba wanataja usukani. Hapa pana mtego. Ubavu wa kisiwa uliokingwa na upepo ni salama kwa kutia nanga, bali pwani iliyo upande wa “lee” wa chombo ndiyo hatari kuliko zote, kwa maana huko ndiko upepo unakokisukuma chombo kikavunjike. Neno ni moja, na mmoja huliomba, mwingine hulikimbia. Tofauti ni mahali aliposimama msemaji.

Kwa hiyo sikubaliani na tafsiri ya “upande wa upepo”, inayoandikwa kwa wepesi mno. Upande upi? Ule unakotoka, au ule unakokwenda? Mwanafunzi hukisia, na nusu ya wanaokisia hukosea. Goshini haikisiwi, maadamu goshi imefungwa mbele ya upepo na haiwezi kuwa kwingine.

Wala mtu wa bara haihitaji bahari ili aelewe. Mtazame mama apepetaye maharage uani, huko Haydom, jioni ambapo upepo umeanza kushuka: kwanza huinua konzi ya makapi na kuyaachia, apate kujua yanaelekea wapi, kisha hugeuka, upepo ukampiga mgongoni, ndipo anapoinua ungo. Maharage hushuka miguuni pake, makapi huruka mbele, na mtoto aliyekaa huko huondoka akifikicha macho. Mama amesimama goshini, mtoto alikaa demanini. Mwalimu akianzia hapo, somo limekwisha kueleweka kabla ya chaki kugusa ubao.

Sasa tuinue macho. Upepo uliobeba unyevu wa Bahari ya Hindi, ukifika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa hauwezi tena kuubeba mvuke wake wote, ukauachia kuwa ukungu na mvua. Msitu wa Nou, uliokaa juu ya ukingo huo, hulowa na kusitawi. Baada ya kuvuka vilele, upepo huo huo hushuka, hupata joto, na huikausha nchi iliyo chini yake. Ndiyo sababu mtu atokaye Nou kwenda magharibi, akateremka mpaka bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, na mbele zaidi hadi Ziwa Eyasi, hukuta vichaka vya miiba na magadi, ilhali hakusafiri mbali. Mlima Hanang nao, unaozidi mita 3,400 na kusimama peke yake, hauvikwi msitu mmoja pande zote.

Jambo moja la kuangaliwa: jahazi likigeuzwa tanga, goshini huwa demanini, na kila pepo zikibadilika nahodha huhesabu upya. Mlima hausafiri, na kwa kuwa kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi kusini mashariki, ukingo wa Nou unaotazama mashariki hubaki goshini katika misimu yote miwili, na Yaeda hubaki demanini.

Nawaomba waalimu wa jiografia wa Mbulu na Hanang wayaandike maneno haya mawili ubaoni mwaka huu, kisha wawatoe watoto nje, wasimame uwanjani, na kila mmoja aonyeshe kwa mkono goshini ni wapi.