Ufundi wa Magari Yaliyotumika Kasulu na Kibondo

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupanda milima ya Buha, nchi ya Waha. Kasulu na Kibondo, zilizoko huko, zilibaki zikitegemea barabara za udongo mwekundu, na spea iliyoteremshwa stesheni ilikuwa bado na safari nyingine kabla ya kumfikia fundi. Umbali huo ndio ulioujenga ufundi wa magari wa nyanda hizi. Kuagiza kifaa kisicho chenyewe kulimaanisha gari kulala siku nyingi, hivyo ugonjwa ulipaswa kujulikana kwanza.

Malori ndiyo yaliyotangulia. SILABU, ofisi ya kuajiri manamba iliyoanzishwa 1944, ilichukua Waha wengi kwa malori hayo kwenda mashamba ya mkonge. Baada ya hapo ikaja Land Rover, iliyozinduliwa 1948, gari la serikali na la misheni. Bodi yake ya aluminiamu haikushika kutu. Chasisi ya chuma ilishika, na ekseli za nyuma zilikatika kwenye matope. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na spea zikaadimika. Gari lililokufa likawa ghala: lilitoa gia boksi kwa hili na springi kwa lile. Kilikuwa kipindi kigumu, na ndicho kilichokomaza ufundi wa kuchomelea na kuchonga.

Wakimbizi wa Burundi walipoingia 1993, kambi za Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo, zilileta Land Cruiser za mashirika ya misaada. Nyingi zilikuwa na injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, pampu isiyo na umeme mwingi. Injini hiyo husomeka kwa macho na masikio. Moshi mweusi huelekeza kwenye nozeli au chujio la hewa, na kwa vumbi la huku chujio huangaliwa kwanza. Moshi wa buluu ni oili inayopenya ringi za pistoni. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa sababu gasketi ya hedi imeungua. Mapovu kwenye radieta huthibitisha. Mkanda wa taimingi ndio usiotoa onyo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo anayenunua gari la shirika mnadani huubadilisha hata kama unaonekana mzima.

Gari la kifahari la Tanzania ni shangingi, yaani Land Cruiser kubwa kama VX. Toleo lililotoka 1998 lilikuja, kwenye baadhi ya injini, na pampu inayoongozwa kwa kompyuta. Hapo sikio halitoshi: hitilafu hupimwa kwa mashine inayosoma namba za makosa, ingawa namba hizo hutaja mzunguko wenye shida tu, na waya uliolika au plagi iliyoingia maji lazima vitafutwe kwa mkono.

Gari la mbio, lenye tumbo karibu na ardhi, halikuwa na njia hapa kabla ya lami. Barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, iliyojengwa kwa vipande miaka ya karibuni, imefungua njia kwa magari ya chini yaliyotumika Japani, na kazi ya bushi na springi imeanza kuachia nafasi kazi ya breki na umeme.