Mwalimu Aliyewanyima Wanafunzi Mashine

Profesa Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezaliwa Rotterdam mwaka 1930, alifundisha sayansi ya kompyuta Eindhoven tangu 1962 hadi 1984, kisha Austin, Texas, hadi 1999. Wengi humjua kwa ile hesabu ya kutafuta njia fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine. Aliibuni mwaka 1956 kwa dakika 20 hivi, akinywa kahawa Amsterdam na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Mwenyewe alisema kukosa kalamu ndiko kulikomlazimisha kuepuka ugumu usio wa lazima.

Mimi niliyefundisha walimu huvutwa zaidi na ufundishaji wake. Mwaka 1988 aliandika kwamba katika somo la mwanzo mwanafunzi atumie lugha ya programu isiyofanya kazi katika kompyuta yoyote ya chuo, asije akapata kishawishi cha kuijaribu programu yake. Athibitishe kwa hoja kwamba ni sahihi. Kwake yeye majaribio yaliweza kufichua makosa, lakini kamwe hayakuweza kuthibitisha kwamba hayamo.

Niliposoma hayo nilikasirika. Chuoni sisi tulihubiri kinyume chake: mtoto hujifunza kwa kutenda! Kisha nikakumbuka madaftari ya hesabu ya wanachuo wangu. Mtu aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka jibu likalingana na lile la nyuma ya kitabu. Nami nikampa alama ya vema bila kumwuliza kwa nini. Hasira ikanitoka, nikaona haya.

Tena hakuwaacha wanafunzi wake peke yao. Kila Jumanne alasiri alikaa na kikundi kidogo, wakasoma makala pamoja na kuyachambua sentensi kwa sentensi. Huko Austin mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa mdomo, mmoja mmoja, ofisini au nyumbani kwake, na uliweza kuchukua saa kadhaa. Mawazo yake aliyaandika kwa kalamu ya wino, akayatia namba na kuwapelekea wenzake nakala. Yalizidi 1,300 kabla hajafariki mwaka 2002.

Saa kadhaa kwa mtu mmoja! Mimi nilikuwa na wanachuo 60 na kipindi cha dakika 40. Wala sijakubali bado kwamba mwanafunzi anyimwe mashine. Ila madaftari yale, laiti ningerudishiwa, ningeyasahihisha upya.