Kiraka Kilichotoboa Nguo

Saa mbili na nusu asubuhi, katika duka la stesheneri karibu na chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nilimkuta binti amesimama mbele ya kaunta ameshika flashi. Ndani yake mlikuwa na utafiti wake wa mwisho wa shahada. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa saa nne. Kompyuta pekee iliyounganishwa na printa ilikuwa imejaa rangi ya buluu, na maandishi yake yalisema inashughulikia masasisho, isizimwe. Asilimia 27. Tulisubiri dakika arobaini, bado asilimia 27.

“Mdogo wangu, nivumilie, sikuiambia ifanye hivi,” dada mwenye duka alikuwa akimwambia. Akawapigia simu waliomuuzia mashine ile. Akasikilizishwa muziki, akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akasubiri tena. Kijana aliyepokea hakumuuliza mashine ni ya aina gani wala imekwama wapi; alimwambia azime, awashe. Dada akazima. Ilipowaka, Windows haikurudi tena. Binti aliondoka mbio kutafuta duka jingine, na sikujua kama aliwahi.

Nimekaa na kisa hicho muda mrefu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa mle dukani aliyefanya kosa. Kosa lilitoka mbali, na lina historia yake.

Neno kiraka, tunalolitumia kwa rekebisho la programu, lilianza likiwa kiraka kweli. Zamani, kompyuta ziliposoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, kosa lilirekebishwa kwa kukata kipande kibovu na kubandika kingine, au kwa kuziba tundu lisilotakiwa. Aliyebandika alikuwa ameliona kosa kwa macho yake, na mashine ilikuwa mbele yake. Kiraka kisiposhika, angejua papo hapo.

Umbali ulianza kompyuta zilipoingia majumbani. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, mtu aliinunua kwenye boksi, ikiwa kwenye CD au kwenye diski laini 13. Ukishaipiga kwenye mashine, basi. Masasisho yalikuwepo, ila ilikubidi uyatafute. Windows 98 ndiyo iliyoleta huduma ya Windows Update, ambapo mashine yenyewe iliweza kupata viraka vyake kwenye intaneti. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo lilibaki la wachache, maana intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya kudonoa donoa, hadi kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo fundi alibeba viraka kwenye CD mkobani, kama daktari na dawa zake.

Woga wa viraka nao ulikuwa umeshaanza. Oktoba 1999 Microsoft ilitoa furushi la sita la marekebisho ya Windows NT 4.0, mfumo endeshi wa maofisini. Walioliweka wakakuta watumiaji wa kawaida hawawezi tena kuunganisha Lotus Notes, programu iliyobeba barua pepe za kampuni nyingi. Mwezi uliofuata likatolewa furushi la kurekebisha furushi. Wasimamizi wa mitambo wakajifunza somo ambalo hawajalisahau mpaka leo: kiraka kikitoka, subiri wenzako wakijaribu kwanza.

Somo hilo lilikuwa na gharama, na gharama ilikuja Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003. Mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer uliingia kwenye seva zilizotumia programu ya hifadhidata ya Microsoft, na ndani ya dakika kama kumi ulikuwa umezivamia nyingi kati ya zile zilizokuwa wazi duniani. Mashine za kutolea fedha za Bank of America zilikwama kwa maelfu. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Julai 2002, miezi sita nyuma. Hata baadhi ya seva za Microsoft yenyewe zilikuwa hazijawekewa kiraka hicho. Watu waliokitengeneza kiraka walikuwa na sababu zile zile za kukichelewesha walizokuwa nazo wateja wao.

Agosti ya mwaka huo huo ukaja Blaster, ambao uliizima na kuiwasha upya mashine ya mtu baada ya kumhesabia sekunde 60. Aliyeuandika alificha ndani yake ujumbe kwa Bill Gates, akimtaka aache kutafuta fedha atengeneze programu zake. Kiraka chake nacho kilikuwa kimetoka mwezi mmoja kabla.

Hapo ndipo ilipozaliwa ratiba tunayoishi nayo. Kuanzia Oktoba 2003, viraka vya Microsoft hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Kwa ofisi ilikuwa nafuu kubwa, maana fundi aliweza kujipanga. Lakini mwizi naye alipata kalenda: kiraka kinapotoka kinaonyesha tundu lilipo, na asiyekiweka upesi amebaki na mlango ambao ramani yake iko hadharani.

Kwa hiyo mtumiaji alibanwa pande mbili. Akiweka kiraka haraka, huenda mashine ikaharibika. Akichelewa, huenda akaingiliwa. Katika hali hiyo kitu kimoja tu kingemsaidia, nacho ni uhakika kwamba kiraka kimepimwa vizuri kabla ya kumfikia. Sasa tazama kilichofanyika.

Julai 2014 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi hadi 18,000. Wengi walitoka kwenye biashara ya simu iliyonunuliwa kwa Nokia, lakini miongoni mwa waliopunguzwa walikuwemo pia watu ambao kazi yao ilikuwa kupima programu. Mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea, raia wa kawaida wanaowekewa matoleo mabichi ya Windows kwenye mashine zao na kutoa taarifa za makosa. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Julai 2015, ikaja Windows 10, ambayo kwa toleo la nyumbani ilimwondolea mwenye mashine uwezo wa kawaida wa kukataa masasisho. Mambo hayo mawili, kila moja peke yake, yangeweza kutetewa. Kupunguza wapimaji na papo hapo kulazimisha masasisho, hilo mimi sioni utetezi wake.

Malalamiko hayakuchelewa. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wa mradi wa uhifadhi wa Chinko, wanaolinda wanyama dhidi ya majangili wenye silaha, walieleza mwaka 2016 jinsi kompyuta zao zilivyoanza kupakua Windows 10 bila idhini kupitia intaneti ya setilaiti, yenye kasi ndogo na bei kubwa. Kompyuta hizo ndizo walizotumia kuwasiliana na askari wao porini. Mwaka huo huo, mwanamke mmoja wa California mwenye biashara ya safari, ambaye mashine yake ya kazi iliharibika baada ya kujaribu kujipandisha toleo yenyewe, alikwenda mahakamani akalipwa dola 10,000. Microsoft ilikana kosa, ikaacha kukata rufaa.

Kisha Oktoba 2018. Tarehe 2 lilitoka sasisho kubwa la Windows 10, na ndani ya siku chache watu wakaanza kukuta folda zao tupu: picha za watoto, hati za kazi, muziki. Chanzo kinaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kugawanyiwa diski na fundi. Wengi tuliambiwa tuhamishie folda ya nyaraka kwenye diski D, ili siku ya kupiga Windows upya vitu visipotee. Windows inaruhusu. Tatizo ni mtu aliyehamisha njia ya folda lakini akaacha faili zake za zamani kule C. Sasisho liliiona ile folda ya zamani kama nakala isiyo na kazi, likaifuta na vilivyomo. Tahadhari ikageuka kuwa mtego.

Microsoft ililisimamisha sasisho hilo kabla wiki haijaisha, na likarudi tarehe 13 Novemba. Ilisema waliotoa taarifa ya kupoteza faili walikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Lakini linaloniuma ni jingine: baadhi ya wale wa kujitolea walikuwa wamelisema tatizo hilo kabla sasisho halijatoka. Taarifa zao zilizama chini ya nyingine, kwa sababu orodha ilipanda kwa kura, na kosa linalowapata wachache halipati kura nyingi hata kama linafuta maisha yao yote. Baada ya hapo ndipo mtoa taarifa alipowekewa nafasi ya kueleza kosa lake ni zito kiasi gani. Mpimaji wa kuajiriwa hahitaji kura. Akiona faili moja imefutika, anasimamisha kazi.

Na msaada? Kwa kompyuta iliyouzwa ikiwa na Windows ndani, mwenye wajibu wa kumhudumia mteja kwa kawaida ni aliyetengeneza kompyuta. Kwetu sehemu kubwa ya mashine ni mitumba kutoka Ulaya na Dubai, dhamana zao zilikwisha kabla hazijapanda meli. Ndiyo maana huduma kwa wateja ya kweli katika miji yetu ni fundi wa mtaani, ambaye hakulipwa na aliyeandika programu wala hakupewa mafunzo naye. Dada wa stesheneri baadaye alimpigia fundi kama huyo. Alikuja na flashi yake, akaokoa faili kwanza, kisha akapiga Windows upya. Aliuliza maswali matatu kabla ya kugusa kitufe.

Umuhimu wa mkono wa fundi ulionekana dunia nzima tarehe 19 Julai 2024. Sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, si la Windows yenyewe, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Lilitoka saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, likaondolewa baada ya dakika 78. Muda huo ulitosha. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha wagonjwa. Na kwa mashine nyingi hakukuwa na simu wala ujumbe wa kuziponya: mtu alilazimika kuiendea moja moja, kuiwasha kwa hali salama, na kufuta faili moja.

Baada ya haya yote, watu wengi ninaowajua wamezima masasisho kabisa. Ninawaelewa, lakini hofu yao ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Tarehe 12 Mei 2017, mnyoo ulioitwa WannaCry ulifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ukidai fidia. Kiraka kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi. Nyingi ya zilizovamiwa zilikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa ikipewa viraka. Vilikuwepo, havikuwekwa. Kila sasisho bovu linalotolewa huongeza idadi ya mashine zitakazokuwa wazi siku mnyoo mwingine utakapokuja, na kampuni inayopunguza wapimaji inapaswa kulihesabu hilo kama deni lake, si la dada wa stesheneri.

Kwako msomaji, usizime masasisho. Yaahirishe siku chache baada ya ile Jumanne ya pili, usikie yamewafanyaje wengine. Kabla ya kuyaruhusu, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Na kama unamiliki duka la kuchapishia, tafadhali, weka saa za kazi kwenye mipangilio ya mashine yako ili isijiwashe upya mchana. Asubuhi ya kukabidhi kazi vyuoni, kuna mtu amesimama mbele ya kaunta yako na flashi mkononi.