Pissaladière Ni ya Mvuvi, Si ya Amirali

Nilipowaokea wageni wangu hapa Ikuti, wilayani Rungwe, mkate bapa wa vitunguu, ule ambao watu wa Nice huuita pissaladière, mmoja alisema ni pizza iliyokosa nyanya. Mwingine akamsahihisha: ni chakula cha Amirali Andrea Doria wa Genoa, na jina lake limo ndani ya jina la mkate. Dai hili la pili nimelisikia mara nyingi mno kuliacha lipite.

La nyanya halihitaji muda. Nyanya ilitoka Amerika ikafika Ulaya karne ya 16, na mkate wa Nice haujawahi kuihitaji. La amirali lina mvuto zaidi. Doria alizaliwa 1466 huko Oneglia, pwani ya Liguria, na mpaka leo upande ule wapo wanaouita mkate huo piscialandrea, wakieleza kuwa ni "pizza ya Andrea". Lakini upande wa Nice kuna kitu kinachoitwa pissalat, na maana yake ni samaki wa chumvi tu. Jina lenye maana iliyo wazi jikoni halihitaji kuazima amirali. Ninavyoona mimi, sikio la watu ndilo lililopinda neno la wavuvi likatokea jina la mtu mkubwa, kwa kuwa wakubwa huvuta hadithi. Wanaodai mkate uliletwa Avignon na wapishi wa mapapa waliokaa huko 1309 hadi 1377 nao wanatafuta mkubwa wa kumpa sifa ya kazi ya wadogo.

Itazame hiyo pissalat yenyewe. Samaki wachanga, dagaa wa Bahari ya Mediterania, walitiwa chumvi nyingi pamoja na pilipili manga, karafuu na majani yenye harufu, wakaachwa majuma kadhaa huku wakikorogwa, kisha wakachujwa kuwa rojo. Warumi walikuwa na mchuzi wa jamii hiyo, garum, karne nyingi kabla ya Doria. Rojo lilipakwa juu ya unga uliokandwa, likafunikwa kwa vitunguu. Hii ndiyo akili ya mtu mwenye samaki wadogo wengi kuliko awezavyo kuwauza kwa siku moja.

Akili hiyo tunayo. Zanzibar dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na husafiri hadi Kongo. Huku kwetu usipa wa Ziwa Nyasa hupanda kutoka Kyela wakiwa wakavu. Usipa si wa ukoo mmoja na dagaa wa Mediterania, lakini jikoni kazi yao ni ileile: wachache hutosha kukoleza chungu kizima.

Hata kuuita mkate huu wa Kifaransa kunanitia shaka. Nice ilikuwa chini ya watawala wa Savoy tangu 1388, ikahamishiwa Ufaransa 1860. Watawala hubadilika, chakula hubaki: Tukuyu, mji wetu wa jirani, nayo iliandikwa Neu-Langenburg na Wajerumani, kisha Waingereza wakaja, na ndizi zikaendelea kupikwa kwa maziwa.

Kwa anayetaka kuuoka: kanda unga wa ngano kwa hamira, chumvi na mafuta kidogo, uuache uumuke. Kata kilo moja ya vitunguu, uvipike kwa moto mdogo karibu saa nzima, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka vilegee na kuwa vitamu bila kuungua. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Saga usipa waliotolewa vichwa pamoja na mafuta, upake juu ya unga uliotandazwa, ujaze vitunguu, kisha weka zeituni ukizipata. Oka ndani ya sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini.

Mkate ukiiva, ule na wenzako, kama desturi ya huku. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa, watu wa huku kwetu, kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951. Wanaoandika juu ya chakula hawakigusi, na ni hasara. Kinaeleza ukwangala, yaani kukaa na wenzako mkila na kuzungumza, na jinsi wavulana wa rika moja walivyokwenda kwa kundi kula nyumba kwa nyumba, kwa mama wa kila mmoja. Lakini swali langu mimi ni la kitoweo: akina bibi wa Kyela na Matema waliwatiaje chumvi usipa, na kwa siku ngapi? Wewe msomaji uliye na bibi anayekumbuka, muulize mwaka huu, na uyaandike majibu yake.